Msalaba wa shaba katika maji ya chumvi

BARUA

Jambo sana, Mama.

Nakuandikia kutoka Lubumbashi, upande wa Bel-Air, nimekaa jikoni na samaki mmoja ndani ya beseni. Naomba univumilie, maana nikianza katikati hutanielewa.

Mume wangu anafanya kazi mgodini Kolwezi: wiki tatu kule, wiki moja nyumbani. Miaka 4 iliyopita mhandisi mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia akwariamu yake ya maji ya chumvi. Ni kioo cha lita 300, pamoja na mawe yake, pampu, taa na matumbawe yaliyokuwa hai. Mimi nilikataa. Nilimuuliza, kwa umeme huu wetu tunaoujua, nani ataweza kufuga bahari? Lakini mwaka ule tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa pili, mvulana, akiwa na siku 11. Mume wangu hakulia siku ya mazishi, na baadaye hakulia. Alichofanya ni kuketi mbele ya kile kioo kila jioni aliyokuwa nyumbani, taa ya sebuleni imezimwa, ile ya buluu peke yake inawaka. Jioni moja nikaenda kuketi karibu naye, na hapo ndipo alipolitaja jina la mtoto kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo sikukiita tena mzigo. Hapa nyumbani tunakiita Bahari.

Ndani yake kulikuwa na samaki wa buluu mwenye mkia wa njano, mpana kama kiganja changu. Kulikuwa na wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, wanaolala ndani ya anemoni, mnyama laini wa baharini anayefanana na ua. Kulikuwa na kamba mwekundu mwenye sharubu ndefu nyeupe, ambaye binti yangu wa miaka 8 akiingiza mkono majini alikuja kumsafisha kucha. Na konokono wengi, sikuwahi kuwahesabu.

Pamoja nasi aliishi mpwa wa mume wangu, mtoto wa dada yake marehemu. Ana miaka 16. Mjomba wake akiwa Kolwezi, yeye ndiye aliyelisha samaki, aliyechanganya chumvi, na umeme ukikatika aliwasha jenereta. Aliiandika ratiba yake kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani. Ni mtoto asiyeongea sana.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano umeme ulikatika kama saa tatu usiku. Delestaji, huku kukatiwa umeme kwa zamu, si habari kwetu. Mimi nilikuwa na homa, nilikuwa nimeshalala. Nilipoamka saa kumi na mbili asubuhi nyumba ilikuwa kimya, kimya kile cha pampu zilizosimama, na kulikuwa na harufu. Samaki wa buluu alikuwa ameelea ubavu. Anemoni ilikuwa imeyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji. Konokono walikuwa wametapakaa mchangani, hakuna aliyejikunja nilipomgusa. Mmoja tu wa wale wa chungwa alikuwa anapumua, kwenye kona ya juu kabisa, mdomo unagusa hewa. Kijana alikuwa chumbani kwake, amelala.

Nilimpigia mume wangu simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nimpe kijana. Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona tu amesimama kwenye korido anasema "ndiyo, mjomba", mara nne. Jumamosi nilimpandisha basi la Likasi mimi mwenyewe, aende kwa nyanya yake. Mitihani ya mwisho wa mwaka inaanza mwezi wa sita.

Jumanne iliyofuata nikaanza kusafisha. Nilipoinua jiwe la nyuma nikakuta msalaba wa shaba. Ni ule msalaba wa Katanga, wenye mikono minne kama herufi X, ambao baba mkwe alitupa siku ya harusi. Siku zote unakaa kabatini, rangi yake ya kahawia iliyokolea. Huu niliokuta ulikuwa na ukungu wa kijani pembeni, na katikati umekuwa wa waridi, unang'aa kama uliosuguliwa kwa limau. Nikamwita binti yangu. Hakuogopa hata kidogo. Alisema aliuweka Jumapili, siku nne kabla ya ule usiku. Katekesimu iliwafundisha kwamba msalaba unalinda nyumba, baba yuko mbali, akaona samaki hawana wa kuwalinda.

Nikatafuta kwenye simu, nikasoma kwamba shaba inaua viumbe vya baharini. Hapo nikakumbuka. Tangu Jumanne ile ya kwanza konokono walikuwa wanaanguka kutoka kwenye kioo. Kamba sikumwona tangu Jumatano. Matumbawe yalikuwa yamejifunga. Nilidhani ni baridi ya msimu inaanza. Niliona, na sikumwambia mtu.

Mume wangu anarudi baada ya siku 9. Ameshatuma pesa Johannesburg: chumvi na wanyama wapya watapita mpakani Kasumbalesa baada ya wiki tatu, na amesema watawekwa kwenye mawe yaleyale ili Bahari iwe ileile. Msalaba nimeuficha kwenye sanduku la nguo. Mawifi wananipigia na kusema sikumtaka yule yatima tangu mwanzo. Hata sijui kama siku ile kulikuwa na petroli kwenye bidon, lile dumu la jenereta. Na huyu samaki wa beseni, wa kunielekeza chumvi yake inachanganywaje, yuko Likasi.

Nimwambie mume wangu, binti yangu abebe kifo cha Bahari mbele ya baba yake? Ninyamaze, abebe yule asiye na mama? Au niseme ni mimi niliyeuangusha msalaba wakati nafuta kabati, yaishe?

Mama wa Bahari, Lubumbashi

JIBU

Mama wa Bahari, pole. Pole kwa samaki, na pole kwa yule mtoto wa siku 11, kwa sababu naona yumo ndani ya barua yako kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Nimekusoma hivi: kuna kifo nyumbani, mtu mmoja ameshaadhibiwa, na wewe umeshika kitu kinachoweza kumtoa yule kwenye adhabu na kumwingiza mwingine, aliye mdogo zaidi. Unaniuliza nani abebe. Nitalijibu, ila naomba kwanza turudi kwenye maji, maana umesoma kwenye simu kwamba shaba inaua na ukaishia hapo. Mimi niliwahi kuwa na bahari kama yenu kwa miaka 6 nilipoishi Dar es Salaam, ambako maji ya chumvi yalikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na hata huko niliamka asubuhi moja nikaikuta harufu hiyo unayoisema. Najua mtu anavyosimama na kikombe mkononi akitafuta wa kumlaumu.

Shaba kweli ni sumu ndani ya bahari ya kioo. Damu ya kamba, ya kaa na ya konokono wengi hubeba oksijeni kwa shaba, kama yetu inavyoibeba kwa chuma, ndiyo maana ina rangi ya kibuluu. Kwa hiyo wanaihitaji, lakini kwa kiasi kidogo mno. Ikizidi majini huwaharibu matamvua na neva, na matumbawe hujifunga kisha hufa. Samaki wenyewe huivumilia zaidi. Wafugaji hata huwatibu samaki kwa shaba wakipata vimelea vya ngozi, karibu miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, lakini humtoa mgonjwa kwanza na kumweka kwenye chombo cha peke yake, kwa sababu kipimo kinachomponya samaki kinawamaliza konokono waliobaki. Msalaba mzima wa shaba, uliolala siku nne ndani ya lita 300 za maji ya chumvi, unaweza kabisa kukifikia kipimo hicho. Ile rangi ya waridi uliyoiona katikati ni mahali ambapo maji yaliula.

Sasa angalia siku zako mwenyewe. Jumapili msalaba unaingia. Jumanne konokono wanaanguka. Jumatano kamba haonekani, matumbawe yamejifunga. Umeme unakatika Alhamisi. Konokono hawakungoja jenereta. Hilo nalisema bila kusitasita, na nadhani na wewe unalijua, ndiyo maana barua yako ni nzito namna hii.

Lakini samaki wa buluu ana hadithi nyingine. Aliyebaki ulimkuta kona ya juu, mdomo unagusa hewa. Samaki akifanya hivyo anakutafutia jibu mwenyewe: maji yamekosa oksijeni. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji yake hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Maji ya chumvi nayo hushika pungufu kuliko maji ya mto. Usiku matumbawe na mwani havitoi oksijeni, vinaivuta. Pampu zikisimama, uso wa maji unatulia, hewa haiingii tena, na mwenye mwili mkubwa ndiye anayekufa mapema. Hayo ndiyo ya jenereta.

Ila kuna kinachoviunganisha vifo hivi viwili, na hapo ndipo pagumu. Konokono aliyekufa Jumatano chini ya jiwe, Alhamisi ni nyama inayooza. Bakteria wanaoiozesha wanakula oksijeni, na nyama inatoa amonia, ambayo katika maji ya bahari huwa kali zaidi kwa sababu pH yake, yaani kipimo cha asidi, iko juu, karibu 8.2. Bahari yenye afya, yenye samaki watatu tu, pengine ingeumaliza usiku ule ikiwa imechoka lakini hai. Iliyokwisha kuoza ndani haikuwa na akiba. Ungetoa msalaba, pengine samaki wangepona. Jenereta ingewaka, pengine samaki wangeishi hadi Ijumaa, na wewe ungepata muda wa kushtuka. Wewe ungesema Jumanne, pengine kijana angeinua lile jiwe. Mimi nimejaribu kulitenga fungu la kila mmoja nikashindwa, na nimekaa nalo siku mbili.

Kwa hiyo swali lako, nani abebe kifo cha Bahari, linachukulia kwamba kifo hiki ni mzigo mmoja wenye mpini mmoja. Je, ni kweli?

Nikuulize na jingine. Umeandika, kama mtu anayepita haraka, kwamba hujui kama kulikuwa na petroli kwenye bidon. Sentensi hiyo niliirudia mara tatu. Wiki nzima imepita, kijana amehukumiwa kwa kutowasha jenereta, na hakuna aliyekwenda kulitikisa bidon. "Ndiyo, mjomba" mara nne ni jibu la swali gani? Labda alilala kweli, ni mtoto wa miaka 16, usingizi wao unajulikana. Labda aliamka, akakuta bidon tupu, akaogopa kukuamsha wewe mwenye homa. Labda aliwasha ikazimika. Mtoto asiyeongea sana, aliyelelewa nyumbani kwa watu, akiulizwa kwa hasira na mjomba anayemlipia shule, atasema ndiyo hata kwa lisilo lake. Nenda uliangalie bidon. Kisha, ukiona inafaa, mpigie, umwache asimulie usiku ule tangu saa tatu, na usimkate kauli.

Kuhusu binti yako, hebu niseme ninachokiona kutoka mbali, nawe utanisahihisha kwa kuwa ni wako. Alipokuambia hakuogopa. Maana yake hajui bado kwamba kuna kosa. Alichokifanya kilikuwa ulinzi. Lakini sasa amekuona ukiuchukua msalaba wa babu na kuufungia kwenye sanduku la nguo, na kaka yake mkubwa ameondoka, na kioo kimezimwa. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuviunganisha vitu hivyo vitatu peke yake, usiku, bila mtu wa kumsahihisha. Umeshamwambia nini? Barua yako haikusema. Huenda kumweleza kidogo, kwamba shaba na maji ya chumvi haviendani, kwamba wewe mwenyewe hukulijua hilo, kunampunguzia zaidi kuliko sanduku. Kuna hatari pia: atalia, na atataka kumwambia baba yake yeye mwenyewe kabla hujawa tayari. Ukimwambia, jiandae kwa hilo.

Kusema ni wewe uliyeuangusha msalaba: naielewa sana, na simlaumu mama yeyote aliyewahi kufanya hivyo. Ingemkinga na hasira ya siku ya kwanza. Ila binti yako atakuwa ameketi palepale akisikia mama anasema lisilokuwa, kwa ajili yake, na kuanzia hapo atajifunza kwamba alichokifanya kilikuwa kibaya kiasi cha kufichwa. Na mume wako atakosa kujua kitu ambacho mimi, mgeni, kimenigusa hadi leo: kwamba alipokuwa Kolwezi, kuna mtu nyumbani aliyehofia samaki wake hawana wa kuwalinda. Unadhani hawezi kulisikia hilo? Unamjua kuliko mimi. Lakini mwanaume uliyenieleza ni yule aliyeketi gizani mpaka akaweza kulitaja jina la mwanawe, na kwa simu ni mtu mwingine kabisa. Vifo viwili vya nyumba yenu amevipokea kwa kunyamaza. Mara ya kwanza alikuwa na kioo cha kutazama, na wewe ukaja kuketi. Safari hii alikuwa na simu tu, na aliyekuwa upande wa pili wa simu ni kijana.

Ndiyo maana sipendi wazo la kumwambia kwa simu, ingawa kungoja nako kuna gharama. Siku 9 si nyingi kwako, ni nyingi kwa mtu anayekaribia mitihani. Kuna njia moja ya katikati ambayo naiweka mezani uitazame. Unaweza kuanza na la kwako: "Konokono walianza kufa Jumanne, kabla umeme haujakatika. Niliona, sikukuambia." Hilo ni kweli tupu, halimtaji mtoto, na linatosha kufungua mazungumzo ya kijana kurudi shuleni hata kabla mumeo hajafika. Hatari yake unaiona: atauliza kwa nini Jumanne. Yeye anaijua Bahari yake, hatakubali jibu la baridi. Ukishaanza kusema, huenda hutaweza kusimama pale ulipopanga. Labda hutataka kusimama.

Ukinyamaza kabisa, inawezekana pia, watu hunyamaza na ndoa zikaendelea. Lakini hapa maji yenyewe yanakubana. Mawe ya akwariamu na mchanga wake ni chokaa, na chokaa hushika shaba, kisha huiachia kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Wale wanyama wanaokuja kutoka Johannesburg, wakiwekwa kwenye mawe yaleyale, konokono na kamba watakuwa wa kwanza tena. Safari hiyo hakutakuwa na kijana wa kumpandisha basi. Wafugaji wengi waliopatwa na shaba hutupa mawe na mchanga wote, huosha kioo na pampu, na kuanza upya. Wengine hubaki nayo, huweka makaa maalumu ya kuchuja na utomvu wa kunasa metali, hubadilisha maji mara nyingi na kupima kwa matone kila wiki, wakijua kwamba wanacheza kamari. Vyovyote itakavyokuwa, kipimo cha shaba cha matone kinaweza kuagizwa pamoja na ile chumvi, na kitakupa pia jibu ambalo sasa hivi unalikisia. Pima na maji mnayoongezea, kama yanapita kwenye mabomba ya shaba. Msalaba una kesi nzito, ila haujapimwa.

Kama unaona huwezi kusema lolote kwa sasa, jaribu angalau kuchelewesha mzigo wa Johannesburg. Hiyo ni kwa ajili ya wanyama, mbali na mambo yenu ya ndani. Wengi wa samaki hawa wanavuliwa mwituni, kwenye miamba halisi, na wamesafiri mbali.

Na hapo ningependa umuulize mume wako, siku mkiwa mmeketi, anataka kuanza tena kwa sababu ya samaki, au kwa sababu hawezi kuingia sebuleni gizani. Majibu hayo mawili yanapeleka mahali tofauti. La kwanza lina suluhisho, hata la karibu: Ziwa Tanganyika, kule Kalemie na Moba, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wamo wadogo wanaoishi na kulea watoto wao ndani ya maganda matupu ya konokono. Maji yao hayahitaji kuchanganyiwa chumvi ya bahari, ingawa nao hawapendi kukosa hewa. Siwataji kama mbadala wa Bahari, nawataja kwa kuwa nimewatazama kwa masaa na nawapenda. La pili halina samaki wa kulitibu. Labda linahitaji kioo kikae kitupu kwa muda, na nyinyi wawili mbele yake.

Mawifi, waache kwanza. Wao wanamhesabu kijana kuwa wa dada yao, na katika hilo hawajakosea. Kijana akirudi watakuwa na machache ya kusema.

Kwa usiku wa leo kuna yule wa beseni. Weka pampu ndogo ya hewa ya betri, na kama huna, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara nyingi, mpaka uone mapovu. Usimtilie jiwe wala mchanga wa zamani. Anataka nyuzi 24 hadi 26 za joto, na jikoni mwezi huu usiku panakuwa baridi, kwa hiyo zungushia beseni blanketi na uliweke mbali na mlango. Chora mstari wa kalamu pale maji yalipofika. Yakishuka, ongeza maji safi yasiyo na chumvi na yasiyo na klorini, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Mpe chakula kidogo kuliko unavyodhani, na kila siku badilisha sehemu ya maji kwa maji mapya ya chumvi, yaliyopoa sawa na ya beseni.

Ni gramu ngapi za chumvi kwa lita, ningeweza kukuandikia hapa. Lakini kuna mtu Likasi anayezijua kwa kichwa, na ratiba yake ya kalamu nyekundu nadhani bado iko ukutani. Mpigie umuulize. Mwambie mmoja yuko hai.